Watoto Wanne wa Kungu

Haya, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina paka mmoja wa mtaa wa Langoni, mjini Lamu, watoto wake wanne, na msichana wa miaka tisa aliyelia mpaka kope zikavimba. Nimeichagua hadithi hii kwa sababu wengi wenu mmeipitia au mtaipitia: paka wa nyumbani kazaa, watoto wamechangamka, na siku moja watu wazima wanaanza kunong'ona jikoni kwamba sasa watafutiwe pa kwenda.

Kwa ambao hawajafika Lamu, ule ni mji wa kale wa nyumba za mawe, uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba, magari hayapiti, mizigo inabebwa na punda. Na paka wamejaa: barazani, juu ya kuta, chini ya meza za samaki sokoni, wembamba, miguu mirefu, masikio yamesimama. Punda wa Lamu wana mahali pao pa kutibiwa na kutunzwa tangu 1987. Paka wengi wanategemea mlango wa mtu mwenye huruma.

Kungu alikuwa na mlango wake, nao ulitazamana na wangu. Alikuwa paka wa kijivu, si mkubwa, mwenye kovu puani. Siku yake ilipofika aliingia chumba cha chini ya ngazi, akajilaza ndani ya kapu lenye kanga kuukuu, na kufikia adhuhuri walikuwa wanne. Yule msichana aliwapa majina hata hawajakauka. Wa rangi ya chungwa akamwita Bizari. Mweusi akamwita Masizi. Mwenye mistari, Makuti. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, Dagaa.

"Usiwape majina, mwanangu," mama yake alimwambia. "Utawazoea."

Ushauri huo nimeusikia katika nyumba nyingi, na sikubaliani nao. Mtoto humzoea paka kwa kumshika, kumnusa na kumsikia akikoroma kifuani pake. Ukimnyima jina hujampunguzia mapenzi. Umemnyima tu njia ya kuyasema.

Mnajua mtoto wa paka huzaliwa vipi? Huzaliwa haoni na hasikii. Macho hufunguka baada ya siku 7 hadi 14 hivi. Lakini pua yake inafanya kazi tangu saa ya kwanza, na kwa pua hiyo kila mmoja hujitafutia chuchu. Siku chache tu zikipita, mara nyingi utamwona anairudia ileile, na akimkuta ndugu yake kaishika, humsukuma. Mama naye hukoroma wakati wa kunyonyesha, na mtoto ambaye bado hasikii huuhisi ule mtetemo mwilini. Msichana alikuwa analala kifudifudi karibu na kapu, taa ya simu ya mama yake imefunikwa kwa kitambaa, akitazama. Dagaa alinyonya chuchu ya nyuma kabisa. Bizari alikuwa anaitaka hiyohiyo, na Dagaa, pamoja na udogo wake, hakuiachia.

Walipofika wiki ya tatu msichana akaanza kuwapakata, mmoja mmoja, kila alasiri akitoka chuoni. Mtafiti mmoja wa Marekani, Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, alipata kuonyesha kwamba watoto wa paka wanaoshikwa na watu tangu wiki ya tatu huwakaribia watu kwa wepesi kuliko wale wanaoanza kushikwa wakiwa na wiki saba. Msichana wetu hakumjua Karsh. Aliwashika kwa sababu mikono ilimwasha akiwaona. Lakini kila alipomweka Dagaa mapajani, akamkuna chini ya kidevu, alikuwa anamfundisha kwamba binadamu si wa kuogopwa. Alikuwa anamtengeneza paka atakayependwa na mtu mwingine, na hakuna aliyemwambia. Nilimtazama nikiwa barazani kwangu, nikajua kinachokuja, nikaona uchungu kabla yake.

Kilikuja wiki ya nne. Mjomba wake alifika kutoka kazini, akawakuta watoto wanne wanakwea pazia la sebuleni.

"Hawa nitieni kwenye gunia," akasema. "Kesho alfajiri nitawashusha sokoni. Kule kuna vichwa vya samaki, hawatakufa njaa."

"Na huyu mtoto?" mama akauliza.

"Mwambie wamekwenda safari."

Mjomba yule si mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alisema alichokiona kikifanywa tangu utoto wake. Lakini nitawaambia bila kuzunguka: ni jambo la ukatili. Mtoto wa paka wa wiki nne ndiyo kwanza meno yake yanachomoza na bado anaishi kwa maziwa ya mama. Kichwa cha samaki hakiwezi. Akishikwa na baridi hana mwili wa kuegemea. Paka shume akimkuta anaweza kumuua. Na yule mtoto wa binadamu aliyeambiwa "wamekwenda safari" naye anafanyiwa ukatili wake, maana aliyesafiri hurudi. Atakaa mlangoni akisubiri, na siku atakayoacha kusubiri atakuwa amepoteza paka wanne pamoja na imani yake kwa wakubwa wake.

Msichana alikuwa nyuma ya mlango, amesikia kila neno. Alikuja kwangu mbio, miguu mitupu.

"Bibi, wamekosa nini?"

Sikumjibu. Nilivaa buibui langu, nikavuka kichochoro, nikamwomba mama yake muda. Nilimwambia nilichosoma: kwamba mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, walitoa matokeo ya uchunguzi wa paka karibu 6,000, na kwamba waliotengwa na mama zao kabla ya wiki 8 walielekea zaidi kuwa wakali, ilhali waliokaa mpaka wiki 14 au zaidi walikuwa na matatizo machache. Ndugu wakiumana kwa mchezo, anayeumia hupiga kelele na mchezo unakatika; hapo ndipo mwenzake anapojua meno yake yana nguvu kiasi gani. Somo hilo binadamu hawezi kumfundisha. Mama wa msichana alinisikiliza, akatazama pazia lake lililochanika, akavuta pumzi. Tukapatana wiki 12. Mjomba akanyamaza, na baadaye, niseme haki yake, ndiye aliyeleta dagaa wa kuwachemshia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa pana jambo ambalo watoto wengi hawaoneshwi. Kungu mwenyewe alianza kuachana na wanawe kabla yetu. Alikuwa akiwaletea mawindo: kwanza mjusi aliyekufa, kisha panya aliye hai bado, akamwachia mbele yao na kukaa pembeni. Halafu akaanza kulala kifudifudi ili chuchu zisifikiwe. Bizari alipong'ang'ania, alipigwa kofi la kucha zilizofichwa. Saa nyingine Kungu alipanda juu ya kabati, wasikoweza kufika, akawatazama wakilia chini, asishuke.

"Kungu kawa mbaya," msichana akaniambia, hasira zimemjaa.

"Hajawa mbaya. Anawaachisha ziwa. Angewaendekeza wasingejifunza kula."

"Lakini wanalia."

"Wanalia, ndiyo. Na wakiisha kulia wanakwenda kwenye sahani."

Alikaa akilifikiria hilo. Siku ya pili yake akaja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika maswali ya kuwauliza watu watakaotaka kuchukua paka. Nani atamlisha mkisafiri? Mna mbwa? Atalala wapi? Mtampeleka kwa daktari wa mifugo apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu? La mwisho lilikuwa kwa herufi kubwa: MKICHOKA NAYE MTAMRUDISHA KWANGU AU MTAMTUPA?

Mwenye duka mmoja alimtaka Masizi. Panya walikuwa wanamla mchele. Alisema atamfungia dukani kila usiku bila chakula, ili njaa imfanye awinde. Msichana alikuwa amesimama mbele ya mzee wa kuweza kuwa babu yake, karatasi inatetemeka mkononi. Akasema, kwa adabu zote, "Samahani, babu, huyu sitampa." Mimi nilikuwa nyuma yake na sikufungua mdomo. Alikuwa sahihi pia katika maarifa: paka aliyeshiba bado huwinda, kuwinda kwake hakungoji njaa. Aliporudi nyumbani alitapika kwa hofu. Kumkatalia mtu mzima ni kazi kubwa kwa mtoto, na aliifanya kwa ajili ya kiumbe asiyeweza kujisemea.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Bizari. Tuliamua waondoke mmoja mmoja, siku zikiachana, ili maziwa ya Kungu yakauke polepole bila chuchu kuvimba na kumuuma. Mama mmoja wa Shela, mwenye kijana wa kiume wa miaka minane, alikuja kumchukua. Msichana alikata kipande cha ile kanga ya kapuni, yenye harufu ya Kungu na ya ndugu zake, akakitandika ndani ya boksi lenye matundu. Akampa yule mama maelekezo bila kupumua katikati: aanzie chumba kimoja kwanza, akijificha chini ya kitanda wasimvute, apewe chakula kilekile alichozoea, asipewe maziwa ya ng'ombe kwa sababu yatamwendesha tumbo. Kisha akasema, "Anaogopa kuku." Boksi likapakiwa kwenye mashua, mashua ikaondoka.

Usiku ule Kungu alianza kutafuta. Aliingia chini ya ngazi, akatoka, akapanda juu, akashuka, akitoa ile sauti fupi ya kooni ambayo mama paka huwaitia wanawe. Watafiti wa Mexico wamechunguza sauti hii. Wamegundua kwamba mtoto wa paka wa wiki nne tu hutambua mwito wa mama yake na kuutofautisha na wa paka mwingine. Bizari angeujua. Lakini Shela iko mbali na Langoni, kiasi cha kilomita tatu.

Msichana alivuka kichochoro akiwa na nguo za kulalia.

"Bibi, nimemwibia mtoto wake."

Hapo watu wazima wengi tunaharakisha. Tunasema usilie, ni paka tu, atasahau, utapata wengine. Tunasema hivyo kwa sababu machozi ya mtoto yanatuumiza sisi, tunataka yakome. Nilimwekea nafasi pale barazani na nikamwambia kweli. Ndiyo, Kungu anamtafuta Bizari. Ndiyo, hajui alikokwenda na hatuna lugha ya kumweleza. Paka wengi hutafuta hivi siku moja, mbili, tatu, kisha huacha. Wengine hawatafuti kabisa. Tukamsikiliza Kungu pamoja. Msichana alilia sana, kilio cha mabega. Alipotulia nikamwambia jambo nililokuwa nikilifikiria kwa muda mrefu: kwamba huzuni yake na ya Kungu si moja. Kungu anaitafuta harufu iliyokuwapo asubuhi na sasa haipo. Wewe unaona mbali zaidi. Unamwona Bizari mwakani, unamwona akiugua na wewe haupo, unamwona akizeeka kwenye nyumba usiyoijua. Umebeba siku ambazo hazijafika, ndiyo maana mzigo wako ni mzito kuliko wa mama yake mzazi.

"Kwa hiyo nilikosea?"

"Kulia hakumaanishi umekosea. Nyumba yenu haiwezi paka watano. Umemtafutia pazuri, na bado inauma. Vyote viwili ni kweli."

Makuti na Dagaa walikwenda pamoja, Mokowe, ng'ambo ya bara. Hilo msichana alilipigania. Wale wawili walilala wakiwa wamekumbatiana kila usiku, na paka wachanga wawili waliozoeana hufarijiana katika nyumba ngeni. Mmoja akitoka chini ya kitanda, wa pili hutoka naye. Tuliwasindikiza mpaka gatini. Alipoiona mashua inajitenga na ngazi, nikamsimulia habari ya kisiwa cha Saiprasi. Wachimbuaji walikuta kule kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, habari zake zikatangazwa 2004. Ndani yake amezikwa mtu, na sentimita 40 hivi pembeni amezikwa paka wa miezi minane hivi. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Maana yake ni kwamba mababu wa paka yule walipakiwa kwenye chombo na kuvushwa bahari, kama vile Dagaa na Makuti walivyokuwa wakivushwa mbele ya macho yetu.

"Walilia njiani?" akauliza.

"Nadhani walilia sana."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile, maana kutoka kwenye mashua tulikuwa bado tunamsikia Dagaa.

Masizi hakwenda mbali. Alichukuliwa na familia ya mtaa wa Mkomani, humuhumu mjini. Msichana alifarijika: huyu angeweza kumwona kila siku. Wiki tatu baadaye akapata wazo la kumfurahisha Kungu. Akaenda kumwazima Masizi, akamleta mikononi, uso unang'aa, akamweka chini mbele ya mama yake.

Kungu alinyanyua kichwa. Masizi akamkimbilia, mkia juu. Kungu akanusa mara moja, manyoya ya mgongo yakasimama, masikio yakalala nyuma, akafoka kwa sauti ya mate na kurusha mkono. Masizi akaruka nyuma, akajibanza ukutani. Sijapata kuona uso wa mtoto ukivunjika vile.

Natamani mngekuwapo niwaeleze palepale. Paka hutambuana sana kwa harufu. Masizi alikuwa na harufu ya nyumba nyingine, sabuni nyingine, mapishi mengine, watu wengine. Mbele ya pua ya Kungu alikuwa paka mgeni aliyevamia. Na ulezi ulikuwa umeshakwisha mwilini mwa Kungu, maziwa yamekauka. Hakumchukia mwanawe. Yule aliyemlea kwa wiki 12 na huyu aliyeletwa mlangoni hakuweza kuwaunganisha. Sisi tunaweza, kwa sababu tuna majina. Msichana akamchukua Masizi, akamfunika kwa mtandio, akamrudisha Mkomani akimwomba radhi njia nzima. Jioni akaniambia, "Sasa nimebaki mimi tu ninayejua kwamba wote hawa ni ndugu." Ilikuwa kweli, na ilikuwa kazi nzito kwa mtu wa miaka tisa, lakini niliona kwamba aliipokea kwa fahari.

Kabla ya mwezi kwisha, shume mmoja mwenye kichwa kikubwa akaanza kulala juu ya ukuta wetu. Paka jike anaweza kushika mimba nyingine hata kabla hajamaliza kunyonyesha, na msichana alilijua hilo kwa kuwa nilimwambia. Akamshika mkono mjomba wake, yule wa gunia, wakampeleka Kungu kwa daktari wa mifugo akafungwa kizazi. Mjomba ndiye aliyelibeba kapu.

Likizo ya shule ilipofika tulikwenda Shela kumtazama Bizari, kwa miguu, ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Msichana hakusema neno njia nzima. Tulimkuta amejinyoosha juu ya ukuta, amenenepa, mkia umekuwa mnene.

"Bizari!"

Akamtazama, kisha akaendelea kulamba mguu.

Kijana wa nyumba ile akatoka. "Haitwi hivyo," akasema. "Anaitwa Simba."

Nilimwona msichana amekaza midomo. Akanyoosha vidole. Paka akashuka, akavinusa kwa muda, kwa makini, halafu akaenda kujisugua kwenye miguu ya yule kijana. Kimya kikapita. Nilikuwa tayari kumkumbatia, lakini akaniwahi kwa kusema:

"Bado anaogopa kuku?"

Kijana akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyemlea."

"Anaogopa kupita kiasi. Juzi kuku wa jirani alimfukuza mpaka juu ya dari."

"Simba gani huyo anafukuzwa na kuku?"

Wakacheka wote wawili, na kijana akamvuta kwenye kivuli, akamuuliza kama ni kweli Simba ana mama, na kama ana ndugu, maana kwao hakuna aliyemwambia. Nikakaa na mama yake tukinywa kahawa. Baadaye nikaona maji yanajaa na njia ya ufukweni itafungika, nikamwita. Nikamwita tena.

"Bado, Bibi," akajibu bila kugeuka. "Sijafika kwa Dagaa."